Vespa PX ikikataa kuwaka: pima nyaya kabla ya kununua CDI

Mara ya kwanza Vespa ya marehemu baba iliponizimikia njiani nilikuwa nimeshapita Mahonda, hapa Unguja, saa saba mchana, Ramadhani. Haikukohoa wala haikupungua nguvu. Ilikata tu, kama mtu kazima swichi. Nikaisukuma mpaka chini ya mwembe, nikakaa kiasi cha nusu saa, nikapiga kiki moja, ikawaka kama haijawahi kuumwa. Nilipofika Kinyasini ikakata tena.

Wiki ile nikanunua CDI mpya, yaani kile kisanduku cha elektroniki kinachotoa cheche ya plagi. Ugonjwa ukabaki pale pale. Nikaamini nimeuziwa bandia, nikanunua nyengine kwa bei kubwa zaidi. Ukabaki pale pale. Siku nilipovua magneti ndipo nikauona: waya wa kijani, urefu wake haufiki shibiri, mpira wake umepasuka na kudondoka, shaba iko tupu, na kila injini ikipata joto waya unalegea na kulala kwenye chuma. Vespa haikuwa na ugonjwa wa CDI hata siku moja.

Kazi yangu ni fundi redio, na redio ilinifunza kupima kabla ya kubadilisha. Kwenye Vespa niliacha mafunzo hayo, nikalipa. Tangu hapo nimefungua Vespa nyingi za majirani na za watu wa mbali, na kisa kinajirudia: mtu amekuja na CDI mpya mfukoni, kosa liko kwenye waya, kwenye bodi (bati la Vespa, linalorudisha umeme), au kwenye swichi. Hii ndiyo njia ninayoifuata mimi. Inahusu PX 125, 150 na 200 za CDI zisizo na betri, ambazo ndizo nizijuazo vizuri. Zenye betri na starta zina nyaya zaidi, lakini upande wa cheche ni ule ule.

Vifaa ni vichache: mita ya kawaida inayosoma omu na volti za AC (umeme unaogeuka mwelekeo), spana za plagi na za magneti, bisibisi, msasa mwembamba, chombo cha kulehemu, na simu ya kupiga picha. Picha ni muhimu kuliko unavyodhani. Kila kabla ya kuchomoa waya, piga picha.

Jua kwanza umeme unapita wapi

Nyuma ya Vespa pameandikwa PX125E, PX150E au P200E. Ile E ni ya elektroniki, yaani haina pointi, ile migusano ya zamani ya kukata umeme, ina CDI. PX zilianza kutoka kwa Piaggio mwaka 1977, na za mwanzo za cc 125 zilikuwa bado na pointi. Tena zetu nyingi zimeshabadilishwa injini mara mbili tatu. Kwa hiyo usiyaamini maandishi peke yake, vua mfuniko wa ubavuni uangalie. Ukikuta kisanduku cha plastiki kimefungwa kwenye injini, na waya mnene wa plagi unatoka humo humo, hiyo ndiyo CDI.

Magneti ni lile gurudumu zito lenye mapezi ya feni. Ndani yake zimo sumaku, na sumaku hizo zinaizunguka sahani ya koili ambayo yenyewe haizunguki. Koili moja kwenye sahani hiyo imefungwa tofauti na wenziwe: kazi yake ni kuijaza CDI. Kuna pia kidude kidogo cheusi, pikapu, kinachoiambia CDI lini itoe cheche. Koili zilizobaki ni za taa. Nyaya zinazotoka hapo ni tano. Wa kijani ni wa koili ya kujaza, mwekundu ni wa pikapu, mweupe ndio wa kurudisha, na hizo tatu zinakwenda CDI. Wa buluu ni wa taa na honi, unakwenda kwenye rejuleta, kidude kinachozuia volti za taa zisizidi. Mweusi ni bodi.

Cheche na taa, basi, ni vyumba viwili vyenye ukuta mmoja. Injini inakwenda vizuri na taa hazipo? CDI iache. Taa zinawaka vizuri na injini inakata? Rejuleta iache. Kuna mtu alibadilisha rejuleta kwa sababu plagi haitoi cheche, na bado akamlipa fundi aliyemshauri hivyo.

Jambo la pili la kushika: Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyengine. Bati lake ndiyo fremu, na bati hilo hilo ndilo njia ya kurudi ya umeme wa taa. Injini nayo imeshikwa na mipira ili isitetemeshe bodi, kwa hiyo chuma cha injini na bati la bodi havigusani kama unavyofikiria. Kinachoviunganisha kwa umeme ni ule waya mweusi. Ukioza mweusi, taa zote zinaugua.

Hakuna cheche

Funga petroli. Toa plagi uitazame. Ikiwa imelowa chapachapa, petroli inafika, tatizo pengine ni cheche au injini imejaa. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki kumi, nenda kwenye kabureta kwanza, usipoteze muda na nyaya. Mimi kwenye 150 natia NGK B7HS, mwanya milimita 0.6. Ya 200 ina plagi ya shingo ndefu, usizichanganye.

Piga kiki mara tano sita plagi ikiwa nje ili mvuke wa petroli utoke, kisha subiri kidogo. Futa petroli yoyote iliyomwagika. Cheche mbele ya tundu lenye mvuke inawasha moto kweli, na nywele za mkono wa jirani yangu ziliwahi kuungua hivyo. Ivishe plagi kofia yake, ilaze juu ya silinda mbali na tundu, uzi wake ukigusa chuma kitupu, si rangi. Fanya kivulini. Cheche nzima ni ya buluu na inalia tap, tap. Cheche ya manjano, nyembamba, inayokuja na kupotea, ihesabu kuwa haipo.

Usiache waya wa plagi unaning'inia hewani huku unapiga kiki. Umeme huo ukikosa pa kutokea unatafuta njia ndani ya CDI yenyewe, na unaweza kuua CDI iliyokuwa haina kosa. Kwa sababu hiyo hiyo usichomoe kofia ya plagi injini ikiwa inakwenda, kama walivyozoea vijana kufanya ili kusikiliza.

Hakuna cheche? Kofia kwanza, kwa sababu ni rahisi. Ifungue kwenye waya kwa kuizungusha. Ukiikuta shaba ya ndani imefanya kutu ya kijani, kata waya kama nusu sentimita mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, uzungushe kofia tena irudi. Pima kofia kwa omu kutoka ncha hadi ncha. Nyingi zinazouzwa zina ukinzani wa omu 5,000 hivi. Ikisoma mamia ya maelfu, au haisomi kabisa, itupe.

Bado? Sasa swichi. Kwenye CDI utakuta ndimi nne: mmoja wa waya mweupe, mmoja wa mwekundu, na miwili ya kijani. Kijani kimoja kinatoka kwenye koili, cha pili kinakwenda kwenye swichi ya ufunguo. Vespa hii haizimwi kwa kukata umeme. Inazimwa kwa kuupeleka waya wa kijani kwenye bodi. Kwa hiyo swichi iliyojaa maji, au waya wa kijani uliochubuka popote kati ya injini na usukani, inafanya kazi ya kuzima hata kama ufunguo umeuwasha. Chomoa kile kijani kinachokwenda kwenye swichi, kifunge tepu kisiguse kitu, piga kiki. Cheche ikirudi, umeshapata ugonjwa na hujatumia hata shilingi. Fuata waya huo taratibu, hasa pale unapoingia kwenye bodi nyuma ya injini, maana injini inapanda na kushuka na waya unasuguana na ukingo wa bati.

Injini ikiwaka namna hii ufunguo hautaizima. Tia gia ya nne, kanyaga breki, achia klachi polepole mpaka izime.

Kama kijani cha swichi si mkosa, chomoa nyaya zote tatu za sahani kwenye CDI, weka mita kwenye omu. Kijani na cheupe: karibu omu 500. Chekundu na cheupe: karibu omu 110. Tofauti ya omu ishirini kwa kijani au tano kwa chekundu isikusumbue. Kinachosema kitu ni sifuri, au mita kutosoma kabisa, au namba inayorukaruka ukigusa waya. Sifuri kwenye kijani maana yake waya umelala kwenye chuma, kwa sababu cheupe nacho kimefungwa kwenye chuma cha sahani. Mita isiposoma, waya umekatika au koili imekufa.

Halafu pima tena kwa joto. Hapa ndipo nilipokosea mimi, na hapa ndipo wengi wanapopotea: Vespa inayozima baada ya kilomita kumi ukiipima asubuhi barazani ni nzima kabisa. Ya baba ilisoma 495 kwa baridi, namba nzuri. Nikachukua kikaushia nywele cha mke wangu, nikapuliza kwenye tundu za feni ya magneti kwa dakika kama nane huku macho yangu yako kwenye mita. 495, 500, 508, 510, namba inapanda pole pole kama inavyotakiwa shaba ikipata joto. Kisha ikaanguka. 40. 3. Nikautingisha mkono wa nyaya kwa kidole pale unapotokea kwenye injini, ikapanda 510, nikauachia, ikaanguka tena. Nikazima kikaushia nikakaa chini. Hakuna CDI duniani ingeliponya hilo.

Kama vipimo vyote vimekaa sawa, kwa baridi na kwa joto, swichi umeitenga, kofia na plagi ni nzima, sasa CDI inastahili kushukiwa. Haipimiki vizuri kwa mita. Azima ya rafiki ambaye Vespa yake inakwenda, ifunge kwa dakika kumi, uone. Ukipata cheche, hapo nenda dukani.

Na kuna hali moja inayowachosha watu: cheche ipo, ya buluu, nzuri, petroli ipo, na injini haiwaki, au inapiga baruti kwenye silensa, au kiki inarudisha mguu kwa nguvu. Fikiria kii ya magneti, kile kipande kidogo cha nusu mwezi kwenye shafti. Nati ya magneti ikilegea, magneti inakata kii na kuzunguka pole pole kwenye shafti, na cheche inatoka wakati si wake. Hakuna mita itakayokuonyesha hilo, lazima uvue.

Kuvua magneti na kubadilisha nyaya

Toa mfuniko wa feni. Tia gia ya nne na mtu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, au tumia kishikio cha magneti kama unacho. Fungua nati ya katikati. Kwenye PX nyingi nati hiyo imezuiliwa na klipu ya duara mbele yake: italegea kwanza, kisha utaihisi inakuwa nzito tena. Usishtuke. Endelea kuifungua, nati inasukuma klipu na magneti inajivuta yenyewe kutoka kwenye shafti. Usipige magneti kwa nyundo. Pezi moja likivunjika magneti inapoteza uwiano na itakula bearingi. Ikitoka, ilaze juu ya ubao safi. Sakafuni inaokota kila msumari na kila vumbi la chuma, na nati ndogo iliyonata kwenye sumaku ikirudi ndani inasaga koili zote.

Kabla ya kufungua skrubu tatu za sahani, kwaruza mstari mmoja kwa ncha ya kisu, upite juu ya sahani na juu ya injini. Wakati wa cheche unategemea sahani ilivyokaa. Bila mstari huo utairudisha kwa kubahatisha.

Sasa zitazame nyaya. Kwenye PX za miaka ya themanini mpira wa nyaya hizi ndio ugonjwa wake mkubwa. Joto na mvuke wa oili vinaukausha. Ukiukunja kwa kidole unavunjika vipande vipande kama ganda la karanga iliyokaangwa. Nilipozikunja za baba, wa kijani ulivunjika mahali pane, mwekundu mahali pawili. Wa buluu ulikuwa umeshatafunwa mpaka shaba imegeuka nyeusi.

Usifunge tepu hapo. Tepu itayeyuka ndani ya miezi miwili. Badilisha nyaya zote tano kwa pamoja, hata zinazoonekana nzima, kwa kuwa zimepikwa kwenye chungu kimoja. Tumia waya laini wenye nyuzi nyingi na mpira wa silikoni unaostahimili joto. Waya wa umeme wa nyumba haufai: ni mgumu, unavunjika kwa mtetemo, na mpira wake unalainika. Usipopata rangi zile zile, funga kipande cha uzi wa rangi kwenye kila ncha na uandike kwenye karatasi.

Mimi nayeyusha risasi ya zamani, natoa waya mmoja tu kwa wakati, natia mpya mahali pale pale, ndipo naenda kwenye unaofuata. Ukizitoa zote tano kwa pamoja utachanganyikiwa. Kwaruza kiungo mpaka kiwe safi, tia risasi ya kutosha ing'ae, si donge la kijivu. Donge la kijivu ni kiungo baridi, kitaachia njiani. Kisha zivishe nyaya zote ala moja, zifunge kwa uzi imara kwenye sahani ili zisiinuke, na zipitishe kwenye mpira wake wa kuzuia oili. Mpira ukiwa umekufa, tafuta mwengine.

Rudisha sahani kwenye mstari wako. Kabla ya kufunga nati, rudisha kii, rudisha magneti, izungushe kwa mkono mizunguko kadhaa na utege sikio. Ukisikia mchakacho wowote, waya umeinuka na unaguswa. Vua, fungia chini zaidi. Kaza nati kwa Nm 60 hadi 65 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kisha kabla ya kuunganisha CDI pima tena kijani na cheupe, chekundu na cheupe, kwa baridi na kwa kikaushia.

Taa

Taa zote zimeungua kwa mpigo ulipokaza mafuta? Rejuleta haizuii. Lakini usikimbilie kuinunua. Rejuleta ni kisanduku cha alumini chenye mapezi, na nyingi zenye ndimi tatu zimeandikwa G, G na M. M ni bodi. Skrubu ya M ikiwa na kutu, rejuleta haina pa kuumwaga umeme uliozidi, na inaonekana imekufa wakati ni nzima. Ifungue, piga msasa hadi bati jeupe, paka grisi kidogo, funga. Kisha washa injini, washa taa, mita kwenye volti za AC, kati ya G na bodi. Ukivuta mafuta kiasi inapaswa kukaa 12 hadi 14 hivi. Mita za bei nafuu hukosea volti moja mbili kwenye umeme huu, usibishane nazo. Ikipanda 20 na zaidi, rejuleta imekwisha.

Taa zinafifia? Chomoa waya wa buluu kwenye rejuleta, upime peke yake dhidi ya mweusi huku injini ikizunguka kwa kasi ya wastani. Bila mzigo unatakiwa uvuke volti 20 bila taabu. Ukivuka, koili ni nzima na kosa liko mbele. Usipofika, rudi kwenye sahani: waya wa buluu unavuja, au koili imeungua.

Mara nyingi unavuka. Basi pima bodi. Washa taa ya mbele, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye chuma cha injini, nyengine kwenye kikombe cha chuma cha globu ya mbele. Umeme ukirudi vizuri mita itasoma karibu na sifuri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, volti hizo zimepotea njiani kwenye kutu. Sogeza ncha ya pili kituo kwa kituo: kikombe, kichwa cha usukani, bodi, skrubu ya waya mweusi. Pale namba inapoanguka ghafla ndipo palipo na kutu. Vespa iliyopulizwa rangi upya ina ugonjwa huu karibu kila mara, kwa sababu mpiga rangi anapaka mpaka chini ya skrubu za waya.

Mzee mmoja wa Bububu alinijia jioni na PX ya manjano, akaniambia, "Mwanangu, taa yangu inawaka nikikata kushoto tu. Kulia giza."

"Shikamoo mzee. Mnyooko je?"

"Mnyooko inapepesa."

Sikufungua kitu. Nikawasha injini, nikashika mkono wa nyaya pale unapopanda kwenye shingo ya usukani, nikaubana kwa vidole viwili. Taa ikasimama. Waya ulikuwa umekatika ndani ya mpira wake, nje mzima kabisa. Kila kona kwa miaka thelathini na kitu inaukunja pahala hapo hapo. Nilikata nikaunga kwa kulehemu, nikamwachia ziada ya sentimita tatu ili usukani upate pa kuchezea. Mzee akazungusha usukani kushoto na kulia mara kumi kabla hajaondoka.

Taa za kuashiria za nyuma zina mambo yao. Zimo kwenye mifuniko ya ubavuni, na umeme unazifikia kwa mguso tu, kipande cha chuma chenye springi kwenye bodi kikibana kingine kwenye mfuniko. Chumvi ya bahari inakula hapo kwanza. Kama unakaa Jambiani, Paje au Nungwi, piga msasa migusano hiyo kila baada ya miezi michache na upake vaselini. Taa ya breki isipowaka, tazama swichi iliyo chini ya pedali, maana inapokea matope yote ya gurudumu la mbele.

Neno kuhusu honi na taa mpya zinazouzwa kwa ajili ya bodaboda. Honi ya bodaboda ni ya DC, umeme wa betri usiogeuka mwelekeo. Kwenye Vespa isiyo na betri itakoroma tu. Taa za LED zisizotengenezwa kwa AC zinapepesa na kufa mapema. Tia globu ya wati zile zile zilizokuwepo. Na kama Vespa yako ni ya kabla ya PX, ya volti 6 na pointi, isiyo na rejuleta, jambo hili ni zito zaidi: globu zenyewe ndizo zinazougawana umeme, kwa hiyo ya nyuma ikiungua, ya mbele inabeba fungu lake nayo inaungua nyuma yake. Ukiona moja imekufa, usiendeshe usiku mpaka uitie nyengine.

Nikimaliza kila Vespa naandika kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mfuniko wa ubavuni: tarehe, kijani ngapi, chekundu ngapi, volti za taa ngapi. Fundi anayekuja baada yangu ataona namba zimehama kiasi gani. Ya baba mara ya mwisho niliipima masika yalipokwisha. Kijani 502, chekundu 109, taa 13.1.